KUTA ZA WAZEE, NGOMA ZA LEO

Ukimuuliza mgeni wa bara za mbali nyumba ya michezo ni kitu gani, atakutajia ukumbi wenye viti vilivyopangwa safu, pazia zito na kidirisha cha kukatia tikiti. Ukimuuliza mzee wa Bodo, au wa Funzi, au wa Vanga, hatakutajia nyumba hata kidogo. Atanyosha mkono akuonyeshe uwanja. Ni hapo kirumbizi kilipochezwa kwa bakora na zumari, na katika vijiji vya Wadigo ni hapo sengenya iliporindima hata alfajiri. Wanawake nao walikuwa na ua wao wa kupigia vugo na kuchezea chakacha, mbali na macho ya wanaume. Maulidi yalisomwa mbele ya msikiti, jamvi limetandikwa, karabai imening'inizwa, na udi ukifuka. Paa la yote hayo lilikuwa ni mbingu.

Nalitaja jambo hili mwanzo kwa sababu kila zinapopatikana pesa za kutengeneza mahali pa zamani pa sanaa, au za kujenga papya, huanza ugomvi wa namna moja. Mmoja husema, "Bomoeni, tujenge ukumbi wa kisasa." Wa pili husema, "Acheni kama palivyo, msiguse hata jiwe." Wa tatu, na huyu ndiye mwenye hatari zaidi, husema, "Jengeni kwa saruji, kisha mbele mtie tao mbili tatu na mlango wa nakshi, watu wataona ni Kiswahili." Sisi wa Pwani ya Kusini tumeyaona majengo ya huyu wa tatu kwa wingi. Barabara ya Diani imejaa hoteli zenye makuti juu na zege ndani, na vijana wetu huitwa huko usiku kuwachezea wageni wanaokula chakula cha jioni, kisha hutoka kwa mlango wa nyuma.

Naandika nikiwa hapa Bodo, penye gati ya mashua za kwendea kisiwa cha Funzi, na mikoko imeuzunguka mlango wa bahari pande zote. Ukumbi wa michezo wa kale hatuna. Lakini kuna mahali ng'ambo ya maji, Unguja, ambapo jengo kuukuu limefanywa jukwaa, na majirani zake wawili yamewapata mambo mengine kabisa. Ndugu msomaji, tuvuke pamoja kwa kalamu, kisha turudi nyumbani na mafunzo.

NGOME ILIYOFUNGULIWA MLANGO

Mwaka 1698 Ngome ya Yesu ya Mombasa iliingia mikononi mwa Waomani, baada ya kuzingirwa tangu mwaka 1696. Wareno walipoondoka, Waomani walijenga ngome yao Unguja, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na mabaki ya kanisa hilo yamo ndani ya kuta hadi leo. Hiyo ndiyo Ngome Kongwe, iliyoelekea bahari pale Forodhani.

Maisha yake yamekuwa ya kubadilishwa kazi. Ilikaa askari, ikawa gereza, na mwanzo wa karne ya 20 ikatumiwa na reli iliyokuwa ikienda Bububu. Baadaye ua wake ukafanywa klabu ya wanawake. Kisha, katika miaka ya 1990, ndani ya ua huo pakajengwa jukwaa la wazi lenye ngazi za mawe za kukalia zilizopinda nusu duara. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, ambalo pia lilijulikana kuwa tamasha la nchi za jahazi, lilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1998, na Ngome Kongwe ikawa ndiyo makao yake. Mwaka 2004 likafuata tamasha la muziki la Sauti za Busara. Tangu hapo taarabu na kidumbaki vimepigwa mle, na muziki wa Afrika nzima umesikika katika kuta zilizowahi kufungia watu.

Jambo la kuangaliwa hapa ni lile ambalo walioitengeneza hawakulifanya. Hawakuufunika ua kwa paa la mabati. Hawakubandika kuta mpya mbele ya kuta za zamani. Ua umebaki ua. Ukuta mrefu wenye meno juu yake, ambao ulijengwa kuzuia adui, sasa unazuia kelele za mjini na kuwafanya watu waliomo ndani wajihisi wamo katika mkutano mmoja. Aliyeketi kwenye ngazi huona jukwaa, na juu ya jukwaa huona mnara wa duara, na juu ya mnara huona nyota. Hakuna mchoraji wa pazia atakayeshindana na hayo.

Wala si Unguja pekee. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilikuwa gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Ngome ya Lamu ilikuwa gereza hadi mwaka 1984, kisha ikafunguliwa kwa watu. Ngome tatu za pwani moja, zote zilifunga watu, na zote leo watu huziingia kwa hiari yao, kuona na kusikiliza. Ni kheri kubwa hiyo.

UKUTA UNAPUMUA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa maana mapenzi ya vitu vya kale bila elimu yake huua mgonjwa kwa dawa.

Kuta za miji yetu ya mawe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo haikutoka dukani. Mawe yalipangwa juu ya tanuu la magogo, yakachomwa, yakamwagiwa maji yakalipuka na kuwa unga, kisha unga ukawekwa shimoni na maji ukae miezi mingi uive. Fundi aliichanganya na mchanga, na pengine udongo mwekundu, akajengea ukuta mnene, nusu mita na kuzidi. Juu yake akapaka lipu ya chokaa hiyo hiyo, na mwisho akapaka niru nyeupe.

Ukuta wa namna hii haukatai maji. Wakati wa masika hunywa unyevu, na jua la kaskazi likija huutoa. Ndiyo maana chumba chake ni baridi mchana, na ndiyo maana hudumu. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini Diani, wataalamu huukadiria kuwa wa karne ya 14 au 15, na hadi leo unaswaliwa. Ni mawe na chokaa. Hapo Shirazi, jirani zetu, pana msikiti wa kale ulioanguka paa, na kuta zake zimesimama bila mtu kuzishika.

Ukiuchukua ukuta huo ukaupiga lipu ya saruji, umeuziba pua. Maji hayakosi njia ya kuingia. Hupanda kutoka ardhini, hushuka kutoka darini, lakini kutoka hayawezi tena. Chumvi iliyomo ndani ya jiwe la bahari huyeyuka, husogea hata ikafika nyuma ya saruji, ikakauka hapo na kuisukuma. Vichwa vya boriti vilivyomo ukutani hukaa majini na kuoza bila ya mtu kuona. Na chuma kilichotiwa kwa nia ya kuupa nguvu hushika kutu, hufura, kikapasua jiwe. Nimeuona ukuta wa aina hiyo huku kusini, umepigwa saruji kwa nia njema kabisa, na baada ya masika machache lipu ikaanguka vipande kama mikate, kila kipande kimebandua na ngozi ya jiwe. Kabla haujaanguka, ukiugonga kwa kidole ulilia kama debe tupu.

Kwa hivyo mtu anaposema "tuheshimu ujenzi wa wazee", asidhani anazungumzia mapambo. Tao na nakshi ni nguo. Chokaa ni damu. Ukitaka kuliheshimu jengo la zamani, anza na kile kinachoifanya kazi yake mahali pasipoonekana, kisha ndipo uje kwenye mlango.

MAJIRANI WAWILI

Bega kwa bega na Ngome Kongwe lilisimama jengo ambalo kila mtoto wa pwani amelisikia jina lake, Beit al-Ajaib. Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883, na nguzo zake za chuma na mabaraza yake mapana yakawa alama ya mji. Huyu Barghash ndiye anayetajwa katika historia ya taarabu kwa kumpeleka Mohamed Ibrahim hadi Misri kujifunza kupiga ganuni, na baada ya hapo, mwaka 1905, kikazaliwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho bado kipo.

Mwaka 2012 kipande cha Beit al-Ajaib kilianguka, na jengo likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya kazi ya kulitengeneza, upande mkubwa wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Mimi si mhandisi, na sitasema hapa kosa lilikuwa la nani au la nini. Lakini somo moja liko wazi kwa kila mtu. Jengo la kale haliningojei mimi na wewe tumalize mikutano. Kila masika inayopita bila dari kuzibwa hupunguza miaka, na siku ya kulitengeneza ndiyo siku ya hatari zaidi, kwa kuwa hapo ndipo unapoligusa lililokuwa limejishikilia lenyewe. Kutengeneza kunataka kuchunguza kwanza, kutegemeza kwanza, ndipo nyundo ifuate.

Jirani wa pili yuko mbali kidogo, upande wa Vuga. Hapo mwaka 1921 ilifunguliwa nyumba ya sinema na michezo iliyoitwa Royal. Mchoraji wake alikuwa John Sinclair, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na aliyependa kuchanganya kuba na matao ya Kiarabu katika majengo yake. Jumba la makumbusho la Beit el-Amani la mwaka 1925 ni kazi yake pia. Royal iliungua moto katika miaka ya mwanzo ya 1950. Mwaka 1955 ikafunguliwa upya kwa jina la Majestic. Safari hii mchoraji alikuwa mwana wa Unguja mwenye asili ya Kihindi, Dayalji Pitamber Sachania, aliyejenga kwa mistari iliyonyooka na pembe zilizoviringwa, mtindo uliokuwa ukipendwa duniani siku zile. Watu wa mji walijazana humo kwa miaka, wakilia na filamu za Kihindi na kucheka na za Kimisri. Kisha zikaja video na televisheni, sinema za mji zikafa moja moja, nayo Majestic ikachakaa.

Nawauliza wasomaji wangu swali ambalo limewasumbua wengi. Akija mtu mwenye pesa na nia safi kuitengeneza Majestic, aiheshimu jadi ipi? Ile ya Sinclair iliyoungua, au ile ya Sachania iliyobaki? Au atie milango ya Lamu ili iwe ya Kiswahili zaidi?

Jawabu langu ni kwamba aheshimu kilichopo. Jadi ya pwani yetu haikuwahi kuwa ya damu moja. Mlango tunaouita wa Kiswahili una nakshi zilizofika kutoka Bara Hindi na Uarabuni. Taarabu yenyewe ina ganuni ya Misri, fidla ya Ulaya, ngoma ya hapa, na maneno yetu. Kazi ya Sachania ni yetu kama fidla ilivyo yetu. Kuifuta ili kuweka uzee wa kubuni ni kudanganya wajukuu, wasijue babu zao waliketi wapi. Kinachotakiwa ni paa lisilovuja na ukuta uliokauka, na ukumbi utakaofaa tarumbeta na tarabu kama ulivyofaa filamu.

BORITI NA UPANA WA CHUMBA

Nirudi Bodo sasa, kwenye mikoko. Watu wengi huona mikoko kama mazalia ya kamba na kaa, na ni kweli. Lakini mikoko hii ndiyo iliyopima vyumba vya nyumba zetu. Boriti ya mkoko, ikikatwa na kunyooshwa, huweza kubeba dari ya mawe na chokaa kwa upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Kuzidi hapo hupinda. Ndiyo maana nyumba ya mawe ya pwani ina vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, na mwangaza huingia kutoka kiwandani.

Angalia basi jinsi jadi yenyewe inavyomfunza mwenye kutaka kujenga mahali pa michezo. Boriti haiwezi kufunika watu mia tano. Wazee walipotaka chumba kipana, kwa mfano msikitini, waliweka safu za nguzo katikati. Mwenye kuswali nguzo haimdhuru, kwa kuwa moyo wake uko kibla na macho yake mahali pa kusujudia. Mtazamaji wa ngoma nguzo humnyima haki yake. Kwa hivyo, kwa ajili ya mikusanyiko ya kutazama, wazee hawakulazimisha dari. Waliacha ua wazi katikati, wakazungusha mabaraza membamba yenye kivuli pembeni. Mabaraza ni kazi ya boriti, ua ni kazi ya mbingu. Ngome Kongwe ilifaa kwa ngoma kwa sababu hiyo hiyo. Atakayekuja Bodo na ramani ya ukumbi mkubwa uliozibwa kote, wenye mashine za kupoza hewa zitakazokufa siku umeme ukikatika, kisha akapaka nakshi juu, hataweza kusema ameiheshimu jadi, hata akitundika picha za majahazi kila ukuta.

Linabaki suala la mikoko yenyewe, nalo ni zito. Hatuwezi kuimba sifa za boriti tukaufyeka mlango wa bahari. Kenya ilikataza kuuza boriti nje mwaka 1982, na mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Jirani zetu wa Gazi walianzisha Mikoko Pamoja mwaka 2013, ambapo wanakijiji huhifadhi mikoko na kulipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na miti hiyo, na pesa zikaenda katika maji na skuli. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata mwaka 2019. Wako wasemao kwamba uhifadhi huu ndio mwisho wa ujenzi wa kale. Mimi naona kinyume chake. Jengo la zamani linalotunzwa huhitaji boriti chache tu, za kubadilisha zilizooza, moja hapa na mbili pale. Lililoachwa likaanguka ndilo linalodai shehena nzima. Boriti hizo chache zikatwe kwa ruhusa, kwa kuchagua, mahali pa mti mmoja ipandwe mingi. Na pasipolazimu mkoko, mathalan banda la kivuli au paa la makuti, upo mvinje, ambao wakulima wa pwani hii wanaupanda na kuuvuna kama mazao mengine.

MWALIMU KUTOKA MISRI

Isije ikadhaniwa kuwa mawe na chokaa pekee hutosha. Misri, karibu na Luxor, mjenzi mashuhuri Hassan Fathy alijenga kijiji cha Gourna Mpya katika miaka ya 1940. Alijenga kwa matofali ya udongo na kuba za kale, kwa mikono ya mafundi wa huko, na ndani ya kijiji akaweka msikiti, soko, na hata nyumba ya michezo yenye ua wazi. Ulimwengu wa wajenzi umemsifu hadi leo. Lakini wenyeji wengi waliotakiwa kuhamia walikataa. Riziki yao ilikuwa kule walikokuwa, juu ya makaburi ya kale, na hawakutaka kuhamishwa. Kijiji kizuri kikabaki na nyumba tupu.

Fathy hakukosea udongo wala kuba. Lakini mipango ya kuwahamisha watu wale ilitoka juu. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu yote. Jengo la sanaa lina ukarabati wa aina mbili. Wa kwanza ni wa ukuta, na dawa yake ni chokaa, boriti na fundi. Wa pili ni wa watu, na dawa yake ni kuwa wenyewe waingie, wacheze, wazozane ndani yake, walilinde. Ukitengeneza la kwanza ukaacha la pili, umetengeneza makumbusho ya ukimya. Hata Ngome Kongwe haijasalimika na mtihani huo. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa kukosa fedha. Kuta zilikuwepo, jukwaa lilikuwepo, na usiku wa Februari ukapita kimya. Na kila mwaka linapofanyika, waandaaji huwatoza wenyeji kiingilio kidogo kuliko cha wageni. Hilo ni sehemu ya ukarabati, ingawa halionekani katika hesabu ya mawe.

Nilipokuwa nikiyawaza haya hapa gatini, kalamu ikaandika beti hii, nami sikuizuia:

Ukuta wetu wa mawe, hutaka kuvuta hewa,
Chokaa upakaliwe, si saruji kuzibiwa,
Fundi wake atambuwe, dawa ipi ya kutowa,
Wenyewe wasitolewe, siku ya kufunguliwa.

YA KUFANYWA HUKU KWETU

Najua baadhi ya wasomaji watasema, "Mwandishi ametutembeza Unguja na Misri, na sisi Bodo hatuna ngome." Ni kweli, hatuna. Lakini viwanja tunavyo, na viwanja huibiwa kwa urahisi zaidi kuliko ngome. Ardhi ya pwani hii ina bei, na uwanja usio na ukuta wala karatasi huonekana na mnunuzi kuwa ni mahali patupu. Wazee wetu waliijua njia ya kuzuia hilo. Waliweka wakfu. Misikiti, visima na nyumba nyingi za miji ya pwani zililindwa kwa wakfu, mali isiyouzwa wala isiyorithiwa. Wanasheria wa leo wana majina mengine na fomu nyingine kwa ardhi ya jamii, na zote zifuatwe, lakini shabaha ni ile ile. Kwanza uwanja wa kijiji upimwe na uandikwe jina la kijiji, kabla ya kufikiriwa hata tofali moja.

Baada ya hapo, tusikimbilie ukumbi. Ua wenye ukuta wa mawe wa kimo cha mtu, baraza la kukalia limeuzunguka kwa ndani, banda la makuti upande wa jukwaa, na pahala pa wanawake palipositirika kama ada yetu inavyotaka. Uwe mbali na msikiti kiasi cha sauti ya zumari kutoingiliana na adhana. Vitu hivyo fundi wa kijiji anaviweza, na kijiji kinaweza kuvitengeneza kila baada ya masika bila kungoja mfadhili. Makuti hubadilishwa, niru hupakwa upya. Watu wa bara huona hiyo ni kasoro, kwamba jengo la jadi linataka kuhudumiwa kila mara. Kwangu mimi hapo ndipo penye uhai wake, kwa kuwa kijiji kinachokutana kila mwaka kupaka chokaa hakisahau mahali pale ni pa nani.

La mwisho, na ndilo linalonikosesha usingizi, ni mafundi. Tanuu la chokaa halichomwi tena katika vijiji vingi. Vijana wanaojua kuchanganya saruji ni mamia, wanaojua chokaa iliyoiva kwa kuisugua katika vidole ni wa kuhesabika, nao wengi wana mvi. Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu na Mji Mkongwe bado kuna wanaofanya kazi hii, kwa kuwa makumbusho na idara za uhifadhi huwahitaji. Kaunti ya Kwale ina vyuo vya ufundi. Fundi mzee mmoja akialikwa chuoni kwa muhula mmoja, akapewa vijana kumi na ukuta mmoja mbovu wa kujifunzia, tutakuwa tumefanya zaidi ya semina ishirini za utalii. Ukuta wa kujifunzia haukosekani. Ipo misikiti midogo ya kale kutoka Tiwi hadi Vanga inayolia kwa lipu ya saruji iliyoibana, na wenye misikiti hiyo watamshukuru atakayekuja kuibandua kwa elimu na kuifungulia pumzi.

Masika ijayo itanyesha kama kawaida yake. Wenye ukuta wa zamani, wa msikiti au wa nyumba, wapande juu kabla ya mvua, watazame dari, wazibe ufa kwa chokaa. Na wenye uwanja wa ngoma waende kwa mpimaji wa ardhi. Kazi hizo mbili hazingoji tamasha.